Majedwali ya Kanzidata: Jinsi Yanavyoundwa na Yanavyomhusu Mkulima wa Ikinga

Mkulima wa mahindi wa Kata ya Ikinga, Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, anapofika kwa wakala kununua mbolea ya ruzuku, hatambuliwi kwa sura yake wala kwa ushuhuda wa jirani aliyemsindikiza. Hutambuliwa kwa namba. Namba hiyo huingizwa katika mfumo, na mfumo hujibu kama mwenye namba amesajiliwa na kama anastahili kuuziwa. Jibu hilo, liwe la kumfurahisha au la kumrudisha nyumbani mikono mitupu, kwa sehemu kubwa hutegemea maamuzi yaliyofanyika siku mfumo unasanifiwa: ni majedwali gani yaundwe, kila jedwali liwe na safu zipi, na safu ipi isiruhusiwe kubaki tupu.

Mpango wa ruzuku ya mbolea ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Agosti 2022 katika Viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, wakati wa Maonesho ya Nane Nane. Katika msimu huo wa 2022/2023 mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea uliuzwa kwa shilingi 70,000, na usimamizi ulikuwa chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Sharti la kwanza kwa mkulima lilikuwa kujiandikisha katika kijiji chake. Taarifa zilizoanzia katika kaunta buku la ofisi ya kijiji zilitakiwa kufika katika kanzidata, na hapo ndipo swali la majedwali linapoanza. Mfano unaotumika katika makala haya umetengenezwa kwa ajili ya kuelezea tu, wala si nakala ya mfumo wowote wa Serikali unaotumika.

Kanzidata ya mahusiano ni mkusanyiko wa majedwali yanayorejeana. Kila jedwali hubeba habari za jambo la aina moja. Kila mstari wa jedwali ni mtu mmoja au kitu kimoja cha aina hiyo, na kila safu ni sifa moja ya mtu au kitu hicho. Fikra hii iliasisiwa na Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, ambaye aliichapisha mwaka 1970. Wengi hudhani jina hilo limetokana na majedwali kuhusiana. Sivyo hasa: katika hisabati aliyoitumia Codd, “uhusiano” ni jedwali lenyewe, yaani kundi la mistari ambayo kila mmoja unaunganisha sifa za kitu kimoja. Miaka minne baadaye wenzake wawili katika kampuni hiyohiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuamuru kanzidata ambayo leo hujulikana kama SQL. Amri ya kuunda jedwali katika lugha hiyo inatumika hadi leo ulimwenguni kote.

Hebu tuanze na kosa ambalo wengi hulifanya. Ofisi inapopokea orodha ya wakulima, hatua ya kwanza inayokuja akilini ni kutengeneza jedwali moja kubwa: jina, simu, kijiji, kata, wilaya, mkoa, shamba la kwanza, shamba la pili, mbolea aliyonunua, tarehe. Kwenye karatasi jedwali la namna hiyo linapendeza kwa sababu kila kitu kinaonekana kwa pamoja. Ubaya wake hujitokeza pale hali halisi inapobadilika, na Mkoa wa Songwe wenyewe ni ushahidi mzuri kuliko mfano wowote wa kubuni.

Hadi Januari 2016 hapakuwa na Mkoa wa Songwe. Ileje, Mbozi na Momba zilikuwa wilaya za Mkoa wa Mbeya. Mkoa mpya ulipotangazwa, wilaya hizo tatu zilihamia huko, na Wilaya ya Songwe ikaundwa kwa kumega Wilaya ya Chunya. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,344,687 katika mkoa huo. Sasa tuchukulie kwamba kila mmoja wao ana mstari wake katika jedwali moja kubwa, na kila mstari umeandikwa neno “Mbeya” chini ya safu ya mkoa. Mabadiliko ya Januari 2016 yangemaanisha kusahihisha mistari hiyo yote, na yeyote ambaye mstari wake ungerukwa angebaki mkazi wa Mbeya kwenye kompyuta huku akiishi Songwe. Mbaya zaidi, katika kijiji kimoja baadhi ya wakazi wangeonekana wa Mbeya na wengine wa Songwe, na mfumo usingeona ajabu yoyote.

Kanzidata iliyosanifiwa vyema isingepata tabu hiyo. Jedwali la mikoa lingeongezewa mstari mmoja. Katika jedwali la wilaya, mistari mitatu ya Ileje, Mbozi na Momba ingeelekezwa kwenye mkoa mpya, kisha ukaongezwa mstari wa Wilaya ya Songwe na kata zilizomegwa kutoka Chunya zikaelekezwa huko. Mistari ya wananchi isingeguswa hata mmoja, kwa kuwa mstari wa mwananchi hautaji mkoa. Unataja kijiji. Kijiji kinataja kata yake, kata inataja wilaya yake, na wilaya ndiyo inayotaja mkoa. Jambo moja limeandikwa mahali pamoja, na likibadilika hubadilishwa hapohapo.

Kutaja huko hakufanyiki kwa majina. Mkoa huu unafundisha pia kwa nini. “Songwe” ni mkoa, na ni wilaya mojawapo ndani ya mkoa huo. Ni mto unaotenganisha Ileje na Malawi kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, na ni mto mwingine kabisa unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa. Ni uwanja wa ndege pia, ambao uko Mkoa wa Mbeya. Afisa anayekuta neno “Songwe” peke yake katika fomu anaweza kukisia lililokusudiwa, kompyuta haikisii. Hata “Ikinga” yenyewe, ikikosewa herufi moja ya mwanzo, inageuka Ukinga, nchi ya Wakinga iliyoko Makete mkoani Njombe. Kwa sababu hiyo kila mstari hupewa kitambulisho kisichorudiwa na kisichobadilika, ambacho wataalamu hukiita ufunguo mkuu. Jedwali linapotaka kurejea jedwali jingine huweka ufunguo mkuu wa mstari unaorejewa, na nakala hiyo huitwa ufunguo rejea.

Kwa msingi huo, amri ya kuunda jedwali la wakulima inaweza kuandikwa hivi:

CREATE TABLE mkulima (
  namba_ya_mkulima INTEGER PRIMARY KEY,
  jina_la_kwanza VARCHAR(50) NOT NULL,
  jina_la_kati VARCHAR(50),
  jina_la_ukoo VARCHAR(50) NOT NULL,
  namba_ya_nida CHAR(20) UNIQUE,
  simu VARCHAR(15),
  namba_ya_kijiji INTEGER NOT NULL REFERENCES kijiji (namba_ya_kijiji)
);

Maneno mawili ya kwanza yanaagiza jedwali liundwe, na neno linalofuata ni jina lake. Ndani ya mabano kila mstari unaeleza safu moja: jina la safu, aina ya taarifa inayopokelewa, kisha masharti. INTEGER ni nambari kamili. VARCHAR(50) ni maandishi yasiyozidi herufi 50. CHAR(20) ni maandishi ya alama 20. PRIMARY KEY hutangaza ufunguo mkuu. NOT NULL hukataza safu kuachwa tupu, UNIQUE hukataza mistari miwili kuwa na thamani ileile, na REFERENCES huagiza kwamba namba ya kijiji inayoandikwa hapa lazima iwe tayari imo katika jedwali la vijiji. Karani akikosea akaandika namba ya kijiji kisichokuwapo, kanzidata itamkatalia papo hapo.

Mpangilio wa kuunda majedwali hufuata mantiki hiyohiyo. Jedwali linalorejewa ni lazima litangulie, hivyo huanza mkoa, ikafuata wilaya, kata, kijiji, na mkulima akaja mwisho. Kufuta huenda kinyume chake: kijiji chenye wakulima hakiwezi kufutwa kwa bahati mbaya, kwani kanzidata itazuia mpaka wakulima hao waelekezwe kwingine.

Sehemu inayostahili umakini kuliko zote ni aina za taarifa pamoja na masharti, kwa kuwa hapo ndipo haki ya mtu inapolindwa au kupotea bila mtu yeyote kukusudia.

Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa kuwa ni tarakimu tupu, msanifu mgeni atashawishika kuiweka kama nambari. Hilo ni kosa. Nafasi kubwa ya kawaida ya kuhifadhi nambari kamili katika kanzidata hukomea kwenye tarakimu 19, kwa hiyo namba ya NIDA haiwezi kuenea humo. Programu za majedwali ya ofisini, mfano Excel, zina mwiko mkali zaidi, maana hutunza tarakimu 15 tu kwa usahihi na zinazobaki huzigeuza sifuri. Orodha ya wakulima ikipitishwa humo bila safu kuwekwa kama maandishi, tarakimu tano za mwisho za kila namba hupotea, na watu wawili waliozaliwa siku moja katika eneo moja wanaweza kuonekana mtu mmoja. Simu nayo ina mtego wake: nambari haianzi na sifuri, hivyo 07 hugeuka 7 na ujumbe hauendi popote. Kanuni inayofaa ni kwamba kitu ambacho hakijumlishwi wala kuzidishwa si nambari, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu. Tena ni lazima kukubaliana juu ya muundo mmoja, kwani namba ileile ya NIDA ikiandikwa na vistari mahali pamoja na bila vistari mahali pengine, kompyuta huziona kuwa mbili.

Msomaji atakuwa ameona kwamba safu ya NIDA katika amri iliyo hapo juu haina sharti la NOT NULL. Hilo halikusahauliwa. Mkulima ambaye bado anasubiri namba yake ni mkulima vilevile, na shamba lake linahitaji mbolea. Safu hiyo ikilazimishwa kujazwa, mambo mawili yanaweza kutokea, na yote hayafai. Ama mtu huyo ataachwa nje ya daftari, au karani mwenye huruma atajaza sifuri ishirini ili mfumo umpitishe, na mkulima wa pili mwenye shida hiyo atakataliwa kwa kosa la kutumia namba ya mwenzake. Safu kubaki tupu ni kauli ya kweli kwamba taarifa haijapatikana, na kwa kanzidata nyingi safu tupu hazihesabiwi kuwa zinafanana. Sifuri ishirini ni uongo uliovaa sura ya taarifa.

Hali kadhalika simu haikuwekewa sharti la UNIQUE. Mezani ofisini ni rahisi kudhani kila mtu ana simu yake. Vijijini simu moja huweza kuhudumia nyumba nzima: bibi mwenye ekari zake mbili, mwanawe, na mkwewe ambaye naye ana shamba lake. Wote watatu ni wakulima halali. Sharti la simu isijirudie lingempokea wa kwanza kufika na kuwafungia mlango wawili waliobaki, na aghalabu wanaobaki ni wanawake na wazee. Kosa la namna hiyo si rahisi kulibaini baadaye, kwa sababu waliokataliwa hawaachi mstari wowote katika jedwali. Utaendelea kufanya kazi yake vizuri, isipokuwa baadhi ya watu hawamo.

Majina nayo yasitumike kutofautisha watu. Katika kata moja si ajabu kukuta wakulima wawili wenye majina yote matatu yanayofanana, kwa desturi ya kurithisha watoto majina ya mababu. Na safu ya jina ipokee ritifaa, maana jina lenye “ng'” likikataliwa na fomu, mwenye jina hulazimika kuandikwa jina lisilo lake, kisha jina hilo likaja kugongana na lililo kwenye kitambulisho.

Yanabaki mashamba na manunuzi. Jedwali lenye safu za “shamba la kwanza”, “shamba la pili” na “shamba la tatu” humwonea mwenye mashamba manne na huacha nafasi tupu kwa mwenye moja. Dawa yake ni jedwali la mashamba, ambamo kila shamba lina mstari wake wenye ukubwa, zao, namba ya kijiji lilipo na namba ya mkulima mwenye shamba. Namba ya kijiji huwekwa hapa pia kwa kuwa mtu anaweza kuishi kijiji kimoja na kulima kingine. Manunuzi hufuata mtindo huohuo, yaani kila ununuzi ni mstari mmoja unaotaja mkulima, wakala, aina ya mbolea, idadi ya mifuko na tarehe, pamoja na sharti kwamba idadi ya mifuko iwe zaidi ya sifuri. Kwa kujumlisha mistari hiyo, mfumo hujua mkulima amechukua mifuko mingapi na ukubwa wa mashamba yake unamruhusu mingapi. Katika wilaya inayopakana na Malawi, na mkoa ambao Tunduma yake ni mlango wa kuingia Zambia, hesabu hiyo ina uzito wake: mfuko uliogharamiwa na walipakodi wa Tanzania unapaswa kujulikana umeishia kwa nani.

Hapa kuna jambo linalowapotosha hata wasanifu wazoefu. Baada ya kufundishwa kwamba taarifa isiandikwe mara mbili, baadhi huondoa bei katika jedwali la manunuzi na kuiacha katika jedwali la aina za mbolea peke yake. Msimu unaofuata bei ikibadilika, stakabadhi zote za msimu uliopita hubadilika nayo, na hesabu za Serikali za mwaka uliokwisha fungwa hazilingani tena. Bei ya leo ya mbolea na bei aliyolipa mkulima siku fulani ni mambo mawili tofauti, ingawa siku hiyo yalikuwa na tarakimu zilezile. La kwanza linaishi katika jedwali la mbolea, la pili katika jedwali la manunuzi.

Swali kama hilo linahusu pia mikoa. Mtu aliyezaliwa Ileje mwaka 1990 alizaliwa Mkoa wa Mbeya, na cheti chake kinachosema hivyo hakina kosa. Kanzidata inayohitaji kukumbuka historia hiyo huweka jedwali la ziada linaloonyesha wilaya ilikuwa chini ya mkoa gani kuanzia tarehe ipi hadi tarehe ipi. Isiyohitaji haina haja ya kubebeshwa mzigo huo. Uamuzi hutokana na kazi ambayo mfumo unatarajiwa kuifanya, na ndiyo maana watendaji wa vijiji na maafisa ugani wanaowafahamu wananchi wanapaswa kushirikishwa wakati wa usanifu, kabla amri ya kwanza haijaandikwa. Kuongeza safu katika jedwali tupu ni kazi ya dakika moja. Kuiongeza katika jedwali lenye mistari milioni, huku mifumo mingine ikilitegemea, ni mradi.

Kwa upande wa sheria, mifumo ya taasisi za umma husimamiwa na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ambayo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu akusanye zile zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa. Kwa msanifu wa jedwali, maana yake ni kwamba kila safu lazima iwe na sababu ya kuwapo. Safu ya dini au kabila haina kazi katika daftari la mbolea.

Sheria hiyo pia inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa zake zenye makosa zirekebishwe. Mkulima anayehuisha taarifa zake kabla ya msimu afike ofisi ya kijiji chake na kitambulisho au namba yake ya NIDA kama anayo, namba yake ya mkulima na simu inayopatikana, kisha aombe kusomewa kilichoandikwa: majina yote matatu, tarakimu zote 20, kijiji anachoishi, na ukubwa wa kila shamba na kijiji lilipo. Aliye na mashamba katika vijiji viwili ahakikishe yote mawili yameorodheshwa chini ya namba yake moja, wala asijiandikishe mara ya pili katika kijiji kingine.